Mlinizika Nikiwa Nimekaa Nawasikiliza

Wazee wangu na mama zangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, salama?

Mwenyekiti wa kikundi aliniambia nisimame nisimulie kwa mdomo, lakini mnanijua. Mimi nikitazamwa na watu wengi, maneno yananikimbia. Kwa hiyo nimeandika. Nimeishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito, hivyo nimeandika polepole na nitasoma polepole. Naomba mtu asinikatize. Nikikatizwa nitakaa, na nikikaa sitasimama tena.

Jambo jingine niliseme mapema. Najua mmeniita nije nishukuru, na kushukuru nitashukuru. Lakini nina hasira, na hasira ndiyo itakayotangulia. Wakubwa mniwie radhi. Sitataja jina la mtu. Kila mtu atajisikia mwenyewe alipo.

Wengi wenu mlinifahamu kwa ajili ya mota. Msimu wa kupuliza mikorosho ukifika, nilikuwa nabeba ile mashine mgongoni, na kupuliza salfa kuua ukungu wa majani, shamba moja baada ya jingine, huku Newala na hata chini kule Lisekese waliponiita. Alfajiri, upepo ukiwa umetulia, unawasha mota, vumbi la njano linapanda kwenye majani, na wewe unatembea chini yake umejifunga kitambaa puani. Kazi hiyo nilikuwa naipenda, kwa sababu mota inapiga kelele na hakuna anayetaka uongee naye.

Kichwa kilianza kuniuma katika msimu mmoja wa kupuliza. Si kuuma kwa kawaida. Ilikuwa kama mtu ananigonga kisogoni kwa ndani. Halafu damu ikawa inanitoka puani. Nikasema nyumbani. Jibu lilikuwa moja kwa wote.

"Salfa hiyo," alisema mjomba. "Kunywa maziwa."

Nikanywa maziwa. Ndugu zangu, nawaambia, nilikunywa maziwa mpaka nikawa nanuka kama ndama. Kichwa kikaendelea kuuma. Na sikulaumu wakati ule, kwa sababu hata mimi niliamini. Huku kwetu kijana anayepuliza mikorosho akiumwa kidole cha mguu, ni salfa. Akiota ndoto mbaya, salfa. Tumeizoea salfa kiasi kwamba imekuwa daktari wetu: ikishatajwa, hakuna anayeuliza swali jingine. Wapulizaji wangapi wanaumwa vitu vingine hapa, na sisi tunawapa maziwa?

Siku moja nikaanguka shambani na mota ikiwa mgongoni, bado inaunguruma. Mwenye shamba alikimbilia kwanza kuizima mota, kisha ndipo akanigeuza. Sisemi ni nani. Yumo humu, na najua ananisikia.

Nikapelekwa zahanati. Muuguzi akanifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akatazama, akakunja uso. Akakifunga mkono wa pili. Akatazama tena. Akamwita mlinzi aliyekuwa amekaa nje.

"Hebu njoo nikupime wewe."

Mlinzi akapimwa, presha yake nzuri kabisa, na umri wake ni wa kunizaa. Muuguzi akanirudia mimi.

"Mashine inanidanganya au wewe ndiye unanidanganya? Kijana mdogo namna hii, presha ya nini? Umeachwa?"

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mimi nikatazama chini. Sikuwa na mchumba wa kuniacha. Nikapewa vidonge vya kichwa na kuambiwa nipunguze mawazo. Habari ikafika kijijini kabla yangu. Kuanzia siku hiyo vijana wenzangu wakawa wananisalimia "Babu, shikamoo," nikipita, na wanataka niitikie marahaba. Mliokuwa mnafanya hivyo mpo hapa pia. Mlidhani nilikuwa nacheka na ninyi. Nilikuwa nakenua meno tu.

Vidonge vya kichwa vilipoisha, mjomba akaja na neno jipya. Sasa haikuwa salfa. Sasa ilikuwa mtu. Mnajua kwetu mjomba akisema, mama yako hana tena la kusema, kwa sababu watoto ni wa upande wao na mkubwa wa upande huo ni yeye. Akanipeleka kwa mganga. Nikachanjwa chale, nikakatazwa kula chumvi, nikaambiwa nisiguse vidonge vya hospitali kwa sababu vitagombana na dawa yake. Niseme ukweli wote: kukatazwa chumvi kulinisaidia kidogo. Baadaye daktari aliposikia alicheka, akasema katika yote yale hilo moja mganga alipatia. Lakini nilikuwa nakula mizizi ya ming'oko bila chumvi huku mshipa mmoja tumboni, nitaufikia, unazidi kuziba. Na mganga alitaja mtu, ndugu zangu. Alitaja mama mmoja jirani yetu, mjane, na mjomba akaacha kumsalimia. Mama yule hakunifanya chochote. Sikuwahi kumwomba radhi mbele za watu kwa niaba ya ukoo wetu, na leo naomba. Mama jirani, utusamehe.

Macho yalipoanza kuona ukungu, mama yangu hakumwuliza mjomba. Alinivuta mkono tukapanda gari la asubuhi, tukateremka mlima hadi Masasi, tukaendelea mpaka hospitali kubwa. Njiani aliniambia neno moja tu.

"Mjomba wako akiuliza, sema mimi ndiye niliyekuiba."

Hapo hospitali nilimkuta daktari mwanamke, bado kijana. Akanipima presha mikono yote, hakucheka. Akaniuliza maswali mpaka nikachoka kujibu. Halafu akanilaza, akachukua kile chombo cha kusikilizia. Wote walionipima kabla yake walikiweka kifuani. Yeye alikiweka tumboni, juu ya kitovu, pembeni kidogo, akafumba macho. Akakaa hivyo. Kisha akanivalisha masikioni mwangu akaniambia, "Sikiliza mwenyewe."

Nikasikia fuu, fuu, fuu. Kama mota ikipuliza kwa mbali.

"Ni nini hiyo, daktari?"

"Ni damu inapita mahali pembamba. Wewe ni wa Newala?"

"Ndiyo."

"Basi bomba la maji unalijua."

Nikamwambia ndiyo, nani wa Newala asiyelijua, maji yetu yanasukumwa kutoka bondeni mpaka huku juu. Akasema figo ni kama mtu anayekaa mwisho wa bomba. Bomba likiziba karibu na kwake, maji hayamfikii. Yeye hajui kama bomba limeziba. Anapiga kelele kule kwenye pampu: ongezeni nguvu! Wanaongeza. Mabomba ya wengine wote yanatetemeka na kutaka kupasuka, na yeye bado anapata matone. Basi anapiga kelele tena. Hiyo ndiyo presha yangu. Si mawazo, si kuachwa, si mtu. Figo moja ilikuwa inalia kiu.

Kipimo cha kawaida cha tumbo kikaonyesha figo ya kulia ni ndogo kuliko mwenzake, lakini mshipa wenyewe haukuonekana vizuri. Daktari akasema inatakiwa picha ya mashine ya sumaku, ile wanayoita MRI, tena siyo ya hivi hivi, ila ile ambayo unachomwa dawa kwenye mshipa ili njia za damu zing'ae na wajue pamebana wapi. Hiyo wao hawakuwa nayo. Ipo mjini, mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Akanipa vidonge vya kushusha presha, akampa mama barua, akamwambia usoni bila kuzunguka:

"Mama Issa, usichelewe. Figo ikinyimwa damu inakufa. Na presha hii inaweza kumpasua mshipa wa kichwa kabla figo haijafa."

Basi tukarudi kutafuta fedha, na mama akaja kwenu.

Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri.

Mnakumbuka kikao kile. Tulikuwa tumetoka kumzika mzee mmoja wiki hiyo. Kikundi kilikuwa kimefanya mambo: sanda, mbao, gari la kuleta ndugu kutoka Lukuledi, mchele, mbuzi. Watu walisifu. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, mgongo ukutani, maana kichwa kilikuwa kinaniuma. Mama akasimama akaeleza. Alieleza vizuri, figo, bomba, mashine, yote. Kisha mmoja wa viongozi akakohoa.

"Mama Issa, pole sana. Lakini kikundi hiki ni cha kufa na kuzikana. Ugonjwa haumo katika katiba yetu. Tukianza kutibu wagonjwa, siku ya msiba tutazika kwa nini?"

Mama akasema, "Mkimtibu, msiba hautakuwepo."

"Hilo ni la Mungu."

Halafu mzee mmoja, naye alitaka kumfariji, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba alitaka kufariji, akasema, "Usiwe na wasiwasi, Mama Issa. Likitokea la kutokea, huyu ni kijana wetu. Tutamzika vizuri."

Na ninyi mkaitikia. Mlisema, "Hakika." Mlisema, "Hatuwezi kumwangusha." Mmoja akaongeza kwamba mimi ni mwembamba, kaburi langu halitasumbua wachimbaji, na watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Ndugu zangu, nilikuwa nimekaa pale. Hai. Nawasikia. Sijawahi kuona watu wakarimu kama ninyi kwa maiti ambayo bado inapumua.

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini mimi ni mimi, sikusema.

Mama ndiye aliyesema. Akafungua kanga yake ya juu, akaitandika katikati yenu, akasema:

"Vizuri. Basi mhesabuni amekufa leo. Nipeni fungu lake la mazishi, la sanda, la mbao, la mchele, lote, liwekeni hapa. Siku atakapokufa kweli, nitamfunga kanga hii na nitamchimbia mwenyewe. Sitawapigia yowe. Hamtadaiwa tena mtu anayeitwa Issa."

Mliingiwa na hofu, niliwaona. Mkabishana mpaka jua likainama. Wengine wakasema ni uchuro. Mmoja akauliza kama mtu anaweza kuzikwa kabla hajafa, na mwingine akajibu kwamba katiba haijasema marehemu lazima awe ameshakata roho. Mkacheka tena. Mtunza hazina wetu, ambaye ni mwanamke, ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Mwacheni mzazi achague anataka kupewa lini." Akafungua sanduku.

Lakini mliweka sharti. Fungu langu likishatoka, mimi si mwanachama tena, nimeshazikwa, na familia isije kudai. Mama akakubali. Akaifunga ile kanga na fedha zenu, tukaondoka. Kesho yake njiani "Babu" lilikuwa limekwisha. Jina langu sasa lilikuwa "Marehemu". Marehemu umeamkaje. Marehemu unakwenda mjini kufanya nini, umesahau sanda?

Kwa hiyo nilipanda basi nikiwa nimeshazikwa.

Sasa niwasimulie mashine, kwa sababu nimesikia habari nyingi kijijini, kwamba inavuta roho, kwamba inakausha mifupa. Hakuna hayo. Ni kama bomba kubwa jeupe, na katikati kuna kitanda kinachoingia ndani. Ina sumaku yenye nguvu, kwa hiyo unavua kila kitu cha chuma. Haichomi. Inapiga kelele tu, kelele kubwa, na kwa mtu aliyebeba mota kelele si kitu.

Kijana wa mashine alikuwa na haraka. Watu walikuwa wengi. Akanichoma sindano mkononi, akaunganisha mrija ambao ungepitisha ile dawa ya kung'arisha mishipa. Akanipa kiganjani mpira mdogo wa kubonyeza. Akasema maneno mengi kwa kasi, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kisha akauliza, "Umeelewa?"

Nikasema, "Ndiyo."

Sikuwa nimeelewa. Lakini nani hapa kati yetu amewahi kumjibu mkubwa "hapana, sijaelewa"? Tumelelewa hivyo. Mkubwa akiuliza umeelewa, jibu ni ndiyo, mengine utayajua mbele ya safari.

Nikaingizwa. Ndani ya kelele ikaja sauti ya mwanamke, ya mashine yenyewe, inasema Kiingereza. Inasema, inanyamaza, inasema tena. Baadaye nilijua ilikuwa inaniambia nivute pumzi, niibane, kisha niachie, kwa sababu ukipumua tumbo linacheza na picha ya figo inakuwa na ukungu. Mimi nilidhani inaongea na wenzake. Nikaendelea kupumua zangu.

Kisha dawa ikaanza kuingia. Mwanzo nilisikia ubaridi. Halafu mkono ukaanza kuvimba pale kwenye sindano, unakaza, unawaka moto. Nikajua kuna kitu hakiko sawa. Mpira ulikuwa kiganjani. Sikubonyeza.

Mambo ya jandoni siyasemi, hayasemwi, na mama zangu wapo hapa. Nasema moja tu ambalo kila mtu analijua: kule tunafundishwa kwamba mwanamume akiumia hatoi sauti wala hatikisiki. Tulipotoka tulisifiwa kwa hilo. Basi nimelala ndani ya mashine, mkono unawaka, nimebana meno, na moyoni najisifu. Nasema wataona, kijana wa Newala halii.

Nilipotolewa, mkono ulikuwa umetuna kama muhogo. Dawa haikuwa imekwenda kwenye mshipa, ilikuwa imemwagika chini ya ngozi. Na picha haikuonyesha kitu. Figo kama wingu, mishipa haikung'aa hata mmoja.

Kijana wa mashine akapandisha sauti. "Mpira nilikupa wa nini? Wa kuchezea? Si ulisema umeelewa? Watu wa huko kwenu kazi kweli!"

Mama alikuwa mlangoni. Akaingia kama nyuki.

"Watu wa huko kwetu tumefanya nini? Wewe ulimwambia kwa lugha gani? Ulimwuliza mara ngapi? Mkono wa mtoto umevimba hivi na wewe unauliza habari ya mpira?"

Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe! Nani alikufundisha kufa kimya?"

Ndugu zangu, sijawahi kumjibu mama yangu vibaya. Siku hiyo kitu kilikatika.

"Ninyi!" nikamwambia. "Ninyi nyote! Mjomba akisema salfa, nyamaza. Mganga akisema jirani, nyamaza. Wakipanga kunizika, nyamaza. Ukiumia, nyamaza. Mlinifundisha vizuri, nimefaulu!"

Nilisema kwa sauti. Watu wote waliokuwa wanasubiri waligeuka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yangu ikiwa kubwa hivyo, na haikuniua. Mama alinitazama. Hakukasirika. Alikaa chini kwenye kiti akasema, taratibu, "Haya. Sema tena yaliyobaki."

Nikasema. Nilimwambia yule kijana wa mashine kwamba sikuelewa hata neno moja. Nilimwambia sikujua yule mwanamke ndani ya mashine alikuwa anaongea na mimi. Nikamwuliza dawa ile inakwenda wapi, na ikimwagika inaua au haiui. Kelele zile zikamtoa mkubwa wao, mama mtu mzima mwenye miwani. Akaushika mkono wangu, akauwekea kitambaa cha baridi, akasema dawa ni kidogo na itaondoka yenyewe. Kisha akasema mbele ya wote kwamba kosa si la mgonjwa, kwamba nitapigwa picha upya na sitalipishwa.

Tulirudi mkono ulipopoa. Safari hii yule mama mwenye miwani alikaa na mimi kabla sijaingia. Alinifundisha kama mwalimu wa darasa la kwanza. Vuta. Bana. Achia. Tukarudia mpaka akaridhika. Akaniambia, "Sauti ya mashine usiisikilize, mimi mwenyewe nitakuambia kwa Kiswahili. Na ukisikia chochote mkononi, bonyeza. Hata ukihisi sisimizi, bonyeza. Umeelewa?"

Nikamwambia, "Hapo pa mwisho sijaelewa. Rudia."

Akarudia. Alitabasamu.

Nikaingia. Nikasikia sauti yake: vuta, bana. Nikabana pumzi kama mtu aliyezama. Dawa ikaingia, ubaridi ukapanda mkononi mpaka begani, haukuuma. Achia, Issa. Nilipotoka aliniita kwenye kioo cha kompyuta yake. Niliona mshipa mkubwa katikati, mweupe, umenyooka kama shina, na matawi mawili kwenda kwenye figo. La kushoto lilikuwa nene na safi. La kulia lilianza vizuri, kisha likabanwa, kama tawi ambalo mtu amelifunga uzi na kuukaza, kisha likaendelea jembamba hadi kwenye figo ndogo yenye njaa.

Mama alitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Kumbe ndiye huyu."

Ndiye huyu. Si jirani yetu. Si salfa. Si mapenzi. Pale pembamba, palipoweza kufunikwa na ukucha wa mtoto, ndipo palipotaka kunilaza kaburini huku watu wazima wanashindana kunipa sababu.

Mengine yalikwenda haraka. Ustawi wa jamii walitupunguzia gharama, na mama akaweka rehani korosho zetu za msimu mzima. Madaktari wakapitisha mrija mwembamba kwenye paja, ukapanda mpaka kwenye ule mshipa, wakautanua kwa puto dogo, kisha wakalitoa. Nilikuwa macho. Waliniuliza kama inauma na nikawaambia ndiyo, inauma, ongezeni dawa. Presha ilianza kushuka. Leo nakunywa kidonge kimoja, nakwenda kliniki, na msimu uliopita nilibeba mota tena. Nilipopimwa zahanati, muuguzi yule yule alinitazama, akatazama mashine. Safari hii hakumwita mlinzi.

Sasa shukrani zangu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari aliyesikiliza tumbo langu kwa masikio yake kabla hajasema neno, na yule mama wa mashine aliyekubali kurudia. Namshukuru mtunza hazina wetu. Nawashukuru hata ninyi wengine mliotoa kwa kunung'unika, kwa sababu fedha yenu ilifanya kazi ile ile. Mama yangu sitamshukuru hapa, nitalia, na karatasi imebaki kidogo.

Fundisho ninalo, ingawa mimi ni mdogo. Kijana akisema kichwa kinamwuma, apimwe presha, na mashine ikisema iko juu iaminiwe mashine, msimtafutie mchumba. Mtoto akisema "ndiyo, nimeelewa," mwulizeni ameelewa nini. Na ninyi vijana wenzangu mliotoka jandoni, ukimya ule una mahali pake. Ndani ya hospitali si mahali pake.

La mwisho ni la kikundi. Mwenyekiti aliniambia kwamba nikimaliza mtanirudisha katika uanachama, nipigiwe makofi. Sikatai. Lakini ameniambia pia ajenda inayofuata ni ya mtoto wa dada yetu wa bondeni, yule binti anayechoka akitembea hatua chache na midomo yake inakuwa ya bluu, ambaye ameandikiwa kwenda kupimwa moyo. Mama yake tunaye hapa leo. Nimesikia tayari wawili wakinong'ona habari ya katiba.

Nimewasikia. Sina mota leo, nasikia vizuri.

Binti yule hajafa, kwa hiyo asiwepo mtu wa kumwambia mama yake kwamba tutamzika vizuri. Gari la kwenda Masasi linaondoka Jumatatu asubuhi, na mtu lazima awepo pale hospitali wa kuuliza na kuuliza tena, maana mama yake ni mpole kama nilivyokuwa mimi. Mimi ninakwenda nao, na mchango wangu huu hapa, nauweka mezani.

Nani mwingine?